Jicho Lililosoma Herufi Zote

Hospitali nzima ilimwita Mama Jeli, ingawa watoto wake wawili walikuwa na majina yao ya heshima na hakuna hata mmoja aliyeitwa Jeli. Jina hilo alilipata kazini. Yeye ndiye aliyepiga picha za altrasaundi, na kabla ya kumpitishia mjamzito kile kichwa cha mashine tumboni ilibidi ampake jeli, na jeli yenyewe ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kila aliyelala pale alishtuka. Wengine walicheka, wengine walimtukana kidogo, na yeye kwa miaka kumi na tisa alikuwa na jibu moja tu: "Pole mama. Mbona huyo wa ndani hajalalamika?"

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana na stoo ya mashuka. Dirisha lilikuwa moja, nalo limefunikwa pazia zito jeusi ili kioo cha mashine kionekane vizuri, kwa hiyo humo ndani saa nne asubuhi na saa kumi jioni zilifanana. Palikuwa na feni iliyozunguka huku ikilia kwikwi, kiti cha magurudumu matatu ambacho zamani kilikuwa na manne, na kitanda cha vipimo ambacho ngozi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka katikati, sponji ikachungulia. Kuhusu kitanda hicho aliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkaa rohoni kuliko kitanda. Miaka sita nyuma alipelekwa mafunzo ya wiki mbili, na huko akafundishwa kupiga picha za macho. Mgonjwa analala chali, anafumba jicho, unamrundikia jeli juu ya kope mpaka inakuwa kama kichuguu, kisha unagusisha kile kichwa bapa cha mashine juu ya jeli bila kukandamiza hata chembe, kidole chako kidogo kikiegemea mfupa wa shavu ili mkono usitetemeke. Ikiwa jicho limechanika au limetobolewa, huligusi kabisa; unaita daktari. Lakini jicho lililopigwa kwa kitu butu, mpira, kiwiko, ngumi, likavimba na kisha likapona kwa nje, mashine hiyo hiyo ya wajawazito inaweza kukuonyesha kilichoharibika ndani ambacho tochi haikifikii. Mama Jeli alirudi na cheti na furaha ya mtu aliyepewa jino jipya. Aliwaeleza madaktari katika kikao cha asubuhi. Walitikisa vichwa, wakamsifu, wakaenda zao wodini.

Katika miaka sita aliletewa macho manne. Moja kati ya hayo lilikuwa la mumewe, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa kuoa mwanamke aliyekuwa akitafuta jicho la kufanyia mazoezi.

Basi Jumatano moja, foleni ya wajawazito ikiwa imekwisha, akaja fundi wa makochi kukivisha kile kitanda ngozi mpya. Watu walimwita Sponji. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mpole hata ukamhurumia, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kuvuta mikanda ya mpira. Alifanya kazi pamoja na mkewe: mke alishona mifuniko kwa cherehani, mume akaunda mbao, akavuta, akapigilia. Alikuja peke yake siku hiyo, akiwa na nyundo, kopo la misumari midogo na ngozi ya plastiki ya kijani iliyokunjwa kwapani.

Mama Jeli aliketi kwenye kiti chake kibovu akijaza daftari la siku. Sauti ya nyundo ndiyo iliyomfanya ainue kichwa. Fundi wa miaka mingi hupigilia kwa mdundo, ko-ko, ko-ko, umemaliza. Huyu alikuwa akigonga mara moja kwenye msumari na mara mbili kwenye mbao. Kisha akajigonga kidole gumba, akanyonya kidole bila kusema kitu. Na kila baada ya muda mfupi alipeleka mkono kwenye paji la uso, kama mtu anayesukuma kofia iliyomshukia machoni. Hakuwa amevaa kofia.

"Fundi," Mama Jeli akamwita, "mbona unalenga hapa unapiga pale?"

Sponji akacheka. "Uzee huo, mama."

"Uzee gani? Mimi sijazeeka, wewe unataka kuzeeka? Na hiyo kofia unayoisukuma iko wapi?"

Kicheko kikamwisha. Akaweka nyundo chini. "Kumbe naonekana?"

Akamsimulia. Wiki tano nyuma alikuwa akivuta mkanda wa mpira kwenye fremu ya kochi, ameushika kwa koleo, ameukaza kwa nguvu zake zote. Mkanda ukachomoka, na koleo likarudi na mpini wake ukampiga jicho la kushoto. Aliona nyota mchana kweupe. Lile jicho likavimba mpaka likafunga. Alikuja hapa hapa hospitali, tabibu wa wagonjwa wa nje akalifungua kwa vidole, akamulika tochi, hakuona jeraha, akampa dawa ya matone na vidonge vya maumivu. Uvimbe ukaisha. Baada ya wiki mbili akaanza kuona vimulimuli pembeni na vitu vyeusi kama inzi vikielea. Akarudi.

"Akanisomesha zile herufi za ukutani," alisema Sponji. "Nikazisoma zote, mama. Mpaka ule mstari wa chini ambao mtu unausoma kwa kubahatisha. Yule tabibu akacheka, akaniambia, fundi, jicho lako linaona kuliko langu. Nikaondoka."

"Na sasa?"

"Sasa kuna kama ukingo wa kofia. Huku juu, upande wa pua. Nausukuma hauondoki. Mke wangu anasema nakata vitambaa upande. Lakini nikiangalia kitu moja kwa moja, nakiona safi. Ndiyo maana nimenyamaza. Nirudi kusema nini? Jicho limesoma herufi zote."

Mama Jeli aliinuka akafunga mlango. "Lala," akamwambia.

"Sijamaliza kupigilia upande huu."

"Lalia upande uliomaliza."

Alilitazama jicho kwanza kwa tochi, kope juu na chini, akahakikisha halina mpasuko, mboni ya mviringo, hakuna kinachovuja. Kisha akamfumbisha, akarundika jeli. Sponji aliruka kama wajawazito wote walivyoruka. Akazima taa.

Jicho zima kwenye kioo cha mashine huonekana kama mpira mweusi tii, na ukuta wa nyuma umejipinda vizuri, laini, kama ndani ya bakuli. La Sponji halikuwa hivyo. Ndani ya weusi kulikuwa na chembechembe zinazoelea, damu kidogo iliyokuwa haijaisha, kama vumbi linaloonekana jua likipenya mlangoni. Na kutoka kwenye ukuta wa chini, upande wa sikio, uliinuka uzi mweupe uliong'aa. Akamwambia, "Angalia kushoto bila kufumbua. Kulia. Kushoto." Jicho lilipotulia, ule uzi ulikuwa bado unapepea, kama shuka kwenye kamba upepo ukilipata.

Huo haukuwa uzi. Ulikuwa utando wa nyuma ya jicho, retina, ule unaopokea picha ya kila tunachokiona. Lile koleo lilikuwa limeung'oa ukingoni, na kwa wiki tano maji ya ndani ya jicho yalikuwa yakipenya chini yake polepole na kuubandua. Akafuata ule uzi milimita kwa milimita kuelekea katikati. Katikati palikuwa pameshika. Padogo tu palibaki, lakini pameshika. Ndiyo maana aliweza kusoma: herufi za ukutani hupima katikati, wala haziulizi habari za pembeni. Na tochi ya tabibu huishia mlangoni.

Kitu cha kwanza alichohisi Mama Jeli kilikuwa furaha. Miaka sita! Hili hapa, kama lilivyokuwa kwenye picha za mwalimu wao. Kisha akamwona Sponji amelala kwenye ngozi ya kijani, mikono kifuani, jeli ikimtiririkia sikioni, akaona haya.

"Fundi," akasema akiwasha taa, "jicho lako halijapona. Linahitaji operesheni, na linaihitaji wiki hii. Ukiwahi, utabaki unaona kama unavyoona sasa. Usinyanyue kitu kizito. Na hiyo nyundo iache hapo hapo."

"Kitanda je?"

"Kitanda nimekisubiri miaka miwili!"

Akachapa ile picha, wino haujakauka, akaenda nayo mwenyewe kwa tabibu wa wagonjwa wa nje.

Tabibu yule alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu, na siku hiyo peke yake alikuwa ameshaona wagonjwa tisini. Wengine kumi na wawili walikuwa bado kwenye benchi, na mtoto mmoja alikuwa akilia kwa sauti ya honi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina mgonjwa wako hapa. Retina imebanduka. Naomba uniandikie rufaa ya hospitali kubwa, aondoke leo."

Tabibu akaipokea picha, akaigeuza, akaigeuza tena. Mama Jeli akaona ameishika kichwa chini miguu juu.

"Nani aliagiza kipimo hiki?"

"Mimi nilimwona fundi anapigilia misumari hewani."

"Mama, kwa heshima zote. Kipimo kinaagizwa na anayemhudumia mgonjwa, kwa fomu. Hakuna fomu hapa."

"Basi jaza fomu, mimi nitasubiri nikiwa nimesimama."

Tabibu akafungua daftari lake, akafuata tarehe kwa kidole. "Huyu nilimwona mimi. Mara mbili. Tazama: hakuna jeraha, jicho jeupe, amesoma mstari wa mwisho. Nitaandikaje rufaa ya jicho linalosoma mstari wa mwisho? Kule watanicheka. Wataniuliza, wewe umesomea wapi?"

"Anasoma kwa sababu katikati bado hapajabanduka. Pakibanduka hatasoma. Ndiyo haraka yenyewe."

"Ni kivuli tu hiki. Hata tumboni unaona vivuli kila siku."

Damu ilimchemka Mama Jeli. Vivuli! Kwa miaka kumi na tisa hivyo vivuli ndivyo vilivyowaambia nani akimbizwe chumba cha upasuaji na nani arudi nyumbani kulala. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza, kwa sababu benchi zima lilikuwa limenyamaza kusikiliza, hata yule mtoto wa honi.

"Mwanangu," akasema polepole, "sisemi ulikosea. Kwa tochi hata mimi nisingeona. Nasema sasa kimeonekana."

Hapo ndipo alipoharibu. Uso wa tabibu ulifunga kama dirisha mvua ikija. "Mganga mkuu yuko kwenye mkutano hadi Jumatatu," alisema. "Mimi sitaweka sahihi. Akirudi, aamue yeye. Mwingine!"

Jioni ile Mama Jeli alifika nyumbani akitupa vitu. Mumewe alikuwa mezani na rundo la madaftari ya wanafunzi. Alimsikiliza hadithi yote kalamu nyekundu ikiwa hewani.

"Sasa huyo tabibu," aliuliza mwalimu, "hajui, au anajua na hataki?"

"Sijui lipi ni baya zaidi. Akiweka sahihi ni kama amesahihisha daftari lake mwenyewe kwa kalamu nyekundu."

"Hiyo hakuna anayeipenda," alisema mwalimu, akarudi kwenye hesabu zake.

Daktari wa macho wa hospitali kubwa alikuwa akija kwao Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na ya mwezi huo ilikuwa imeshapita. Mama Jeli alikuwa na namba yake tangu siku za mafunzo. Alipiga mara saba jioni hiyo, simu ikaita bila kupokewa. Alhamisi asubuhi, kabla hajawasha mashine, daktari akapokea. Alimsikiliza bila kumkatiza, akauliza maswali mawili tu: uzi unaanzia wapi, na katikati pameshika?

"Pameshika, daktari. Padogo."

"Mlete kesho asubuhi. Asiruke, asikimbie, asibebe mzigo. Nitamwingiza kwenye orodha yangu mwenyewe."

Mama Jeli alitamani kulia kwa kuzungumza na mtu aliyeelewa. Akaenda kuomba ruhusa ya Ijumaa ili yeye mwenyewe ampeleke Sponji. Muuguzi mkuu akamwonyesha orodha: wajawazito thelathini na wanne, na mpiga picha ni mmoja. "Ukiondoka wewe, nani? Mimi?" Akaomba gari la hospitali. Gari halitoki bila fomu ya rufaa. Fomu haitoki bila sahihi. Sahihi iko mkutanoni. Alizungushwa kama pia mpaka saa nane, kisha akaketi akaandika barua kwa mkono, kwa mwandiko wake bora kuliko wote, akaeleza ajali, dalili, kilichoonekana na wapi, akaibana na ile picha, akampa mke wa Sponji.

Mke wa Sponji alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na uzi wa kushonea daima shingoni kama mkufu. "Dada," alisema, "hii nitaishika kama hati ya nyumba."

Waliondoka Ijumaa alfajiri kwa basi, safari ya saa nne. Mama Jeli alifanya kazi siku nzima akiwa na simu kwenye mfuko wa koti. Haikulia. Akajipa moyo: wako chumba cha upasuaji, huko simu huzimwa.

Jumamosi asubuhi mke wa Sponji alimgongea mlango wa nyumbani. Barua ilikuwa mkononi, ile ile, imekunjwa vile vile.

"Mbona mmerudi?"

"Walitukataa dirishani, dada. Yule karani akatazama, akasema hii ni barua, si fomu ya rufaa. Nikamwambia daktari anatusubiri. Akasema daktari yuko ndani anapasua, na wanaosema daktari anawasubiri ni wengi. Tukakaa. Kila nikiinuka niseme kitu, mume wangu ananivuta gauni: tusiwasumbue watu, wana kazi. Saa kumi wakafunga dirisha."

"Na simu? Mbona hamkunipigia?"

"Alisema umeshahangaika vya kutosha."

Mama Jeli alishika mlango. Alitaka kumpigia kelele mtu, na aliyekuwa mbele yake hakuwa na kosa. Akampigia daktari. Daktari alipokea akiwa na sauti ya uchovu, na kabla hajasalimiwa akauliza: "Vipi mgonjwa wako? Jana nilitoka mara tatu kumuulizia. Wakaniambia hakuna aliyekuja."

Daktari alikuwa mita hamsini kutoka dirishani. Sponji alikuwa kwenye benchi upande huu wa ukuta, daktari upande wa pili, na katikati yao karani mmoja akifuata utaratibu. Mama Jeli aliposikia hivyo alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yake, akashika tama, akakaa hivyo mpaka mumewe akatoka kumtazama.

"Leo na kesho hatupasui," daktari alikuwa amemalizia. "Jumatatu, na safari hii waje na fomu yao. Mwambie alale. Atulie kabisa."

Sponji akatulia. Kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Mkewe alimfungia nyundo sandukuni. Lakini Jumapili asubuhi aliamka, akafumba jicho zima ili kujipima kama alivyozoea, akamtazama mkewe. Aliona shingo na ule uzi. Uso haukuwapo. Mahali pake palikuwa na kitu cha kijivu kinachotikisika, kama maji kwenye karai. Akanyamaza mpaka wakamaliza chai, asimharibie mwenzake asubuhi.

Jumatatu saa mbili kamili Mama Jeli alikuwa mlangoni kwa mganga mkuu kabla huyo hajaweka mkoba mezani. Akamweka Sponji mbele yake, akamwekea na ile picha, safari hii akiielekeza yeye mwenyewe kichwa juu. Mganga mkuu aliitazama, akaagiza fomu, akaijaza, akaweka sahihi na mhuri. Mama Jeli alitazama saa ya ukutani. Dakika mbili hazikutimia. Siku tano walikuwa wamezisubiri dakika mbili.

"Lakini tuelewane," mganga mkuu alisema akimrudishia kalamu. "Kupima mgonjwa bila fomu si sahihi. Kila mtu akianza kupima anayemwona njiani, tutafika wapi?"

"Tungefika Ijumaa," alijibu Mama Jeli, akatoka kabla hajaambiwa atoke.

Gari la hospitali liliwapeleka. Operesheni ilifanyika Jumanne. Jioni yake daktari akapiga simu mwenyewe: retina ilikuwa imerudishwa mahali pake na kushikizwa vizuri, alikuwa na matumaini itakaa. Kisha akaongeza: "Lakini katikati palikuwa pameshaachia. Inaonekana ni siku moja, mbili hivi. Atapata kitu, lakini hatapata kile alichokuwa nacho wakati ulipompiga picha."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miezi minne jicho la kushoto la Sponji lilisoma herufi ile kubwa ya juu kabisa na mbili za chini yake. Ile kofia iliondoka. Lakini mistari iliyonyooka ilipinda katikati, kwa hiyo kukata kitambaa kukawa kazi ya mkewe, na yeye akabaki na kuunda na kuvuta. Alirudi kumalizia kile kitanda. Alipigilia misumari akiwa amefumba jicho moja, polepole, na alipokwisha alimshika Mama Jeli mkono kwa mikono yake miwili.

"Bila wewe lingezimika kabisa, mama. Daktari mwenyewe ameniambia."

"Usinishukuru, fundi. Tafadhali."

"Nisikushukuru kwa nini?"

Mama Jeli akamwokotea kopo lake la misumari. Yeye usiku na mchana alikuwa akijiuliza mambo yake: kwa nini hakuwaacha wale wajawazito thelathini na wanne wakasubiri siku moja? Kwa nini mbele ya benchi lote lile alisema neno "ulikosea", hata kama alitanguliza "sisemi"? Angemwita yule kijana pembeni. Angempaka mafuta kidogo, angemwambia daktari tusaidiane, naye angeweka sahihi. Wakati mwingine alijijibu kwamba mtu mzima mwenye cheti hapaswi kubembeleza ili jicho la mtu liokolewe. Kisha alijiuliza tena.

Tabibu alikuja chumbani kwake wiki mbili baada ya operesheni, foleni ikiwa imekwisha. Alisimama mlangoni akivua na kuvaa miwani.

"Mama, nionyeshe ile picha tena."

Mama Jeli hakumkaribisha kiti, na kwa kweli kiti chenyewe kilikuwa kimoja. Lakini aliifungua picha kwenye mashine. Alimwonyesha ukuta, uzi, mahali ulipoanzia, mahali ulipokuwa bado umeshika. Kijana aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapa ndipo palipokuwa panasoma zile herufi?"

"Hapo."

Akavua miwani. "Niliishika kichwa chini," akasema.

"Niliona."

Hakuomba msamaha kwa maneno, naye Mama Jeli hakumwomba aombe. Lakini kuanzia wiki iliyofuata fomu zikaanza kuja: mwanafunzi aliyepigwa na mpira, mama aliyegongwa na kiwiko cha mwanawe, dereva aliyerukiwa na kamba ya kufungia mizigo. Fomu za hospitali hazikuwa na kisanduku cha jicho, kwa hiyo tabibu alikata neno "tumbo" akaandika "jicho" kwa kalamu. Mama Jeli aliandika barua kuomba kisanduku kiongezwe. Kwa mwaka mmoja aliletewa macho kumi na saba. Kumi na tano yalikuwa salama. Mawili yalikuwa na madhara ndani, na yote mawili yaliwahi hospitali kubwa yakiwa bado na kitu cha kuokoa, moja kwa fomu iliyosainiwa siku hiyo hiyo. Katika kikao cha mwisho wa mwaka daktari mmoja wa wodini akasema vipimo vya macho vinamaliza jeli, kwani kumi na tano havikuonyesha kitu.

"Vimeonyesha," alisema Mama Jeli. "Vimeonyesha kwamba ni mazima. Wewe ulijuaje kabla?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akaenda kwenye ajenda nyingine.

Mwezi uliofuata tabibu mwenye miwani akahamishwa. Alikuja kuaga, akasema huko aendako kuna mashine kama hii lakini hakuna anayejua kupiga macho, na Mama Jeli akamwandikia kwenye karatasi namba ya yule daktari. Mahali pake akaletwa tabibu mwingine, dada mchangamfu aliyetoka masomoni juzi. Wiki ya kwanza hakuleta jicho. Wiki ya pili hakuleta. Katika wiki ya tatu Mama Jeli alimwona kijana mmoja akitoka wagonjwa wa nje, jicho limevilia damu, chupa ya dawa ya matone mkononi, akielekea lango la kutokea.

"Wewe," alimwita. "Umepigwa na nini?"

"Mlango, mama. Lakini naona vizuri. Nimesoma herufi zote."

Barua ya kisanduku ilikuwa haijajibiwa bado. Mama Jeli alimketisha yule kijana kwenye benchi la korido, akamwambia asiinuke hata akiitwa na nani, akachukua fomu tupu mezani kwake, akavaa uso wa upole aliokuwa akijifunza kuuvaa, akaenda kugonga mlango wa tabibu mpya.